Mwalimu wa Kiswahili Ughaibuni na Mwaka wa Tano

Kila ifikapo Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba huwa ni ile ile. Mgeni rasmi anapanda jukwaani, anakumbusha kwamba UNESCO iliitenga siku hii mwaka 2021 na kwamba Umoja wa Afrika uliifanya lugha yetu kuwa lugha ya kazi mwaka uliofuata. Kisha anafika kwenye mstari unaopigiwa makofi: dunia inataka walimu wa Kiswahili, vijana changamkieni fursa. Ngonjera, soda, picha ya pamoja. Mwakani tena.

Sina ugomvi na makofi. Ninachouliza ni habari za mwaka wa tano. Mwalimu ameshaondoka, amepokelewa, mkataba umeongezwa mara moja na mara ya pili, ameoa au ameolewa huko, mtoto wa kwanza ameanza kutembea. Mwaka huo ndio unaoamua kama uhusiano wake na nyumbani utakaza au utalegea, na kwenye hotuba hautajwi kabisa. Sisi tuliobaki tumezoea kulipima jambo hili kama tabia ya mtu. Fulani ana asili, hajasahau kwao. Fulani kapotelea majuu, hata simu hapokei. Naona tunamwonea. Upendo wa nyumbani wengi wanao wa kutosha. Wanachokosa ni karatasi. Viza, pensheni, pasipoti, hati ya kiwanja: hivyo ndivyo vinavyomshika mwalimu au kumwachia, na vingi kati ya hivyo vimo kwenye makabati ya ofisi zetu wenyewe.

Jambo lenyewe lina zaidi ya karne. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichofunguliwa mwaka 1887, Wajerumani walipokuwa ndiyo kwanza wanajitwalia pwani yetu. Hakuwa wa kwanza, kwani kabla yake alikuwapo Amur bin Nasur kutoka Unguja. Wanafunzi wa Mtoro walikuwa maofisa na watumishi waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Walimhitaji, maana bila Kiswahili hukusanyi kodi wala huendeshi kesi. Ila kumheshimu Mwafrika aliyesimama mbele ya ubao akikusahihisha ngeli, hilo baadhi yao liliwashinda, na maisha yake pale chuoni yakawa magumu. Akiwa kule aliandika kwa kirefu mambo ya kwao: harusi, ngoma, uganga, malezi ya watoto, safari za bara. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903. Jina lililokaa juu ni la Mjerumani, Carl Velten.

Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Walipofika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka: mwanamke mweupe aliyeolewa na mtu mweusi asingekanyaga koloni lile. Kutoka bandarini pale hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70. Wakageuzwa na kurudishwa Ujerumani. Aliandika kudai haki yake, haikusaidia kitu. Kuanzia mwaka 1909 alifundisha Hamburg chini ya Profesa Carl Meinhof, na baadaye akawa anazunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki ili apate riziki. Alifia Berlin mwaka 1927.

Nani atathubutu kusema Mtoro alisahau kwao? Nyumbani ndiko kulikokuwa kazi yake, darasani na mezani. Aliyeamua kwamba hatarudi alikuwa mtu mwenye mhuri.

Mihuri ya leo haina ukatili ule, lakini inafanya kazi kwa namna inayofanana. Chukua Marekani, ambako Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi. Mwalimu wetu amekuwa akiingia huko kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao umechukua vijana wengi wa Kenya na Tanzania. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi tisa. Kijana anafundisha, yeye mwenyewe anasoma kozi mbili kila muhula, kisha anarudi. Viza yake ya J-1 huja na sharti la kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza fulani za kazi. Vijana wengi wanaliona sharti hilo kama adhabu. Mimi, kwa ujeuri wangu, naona ndilo jambo pekee katika mpango mzima linalotambua kwamba huku nako wanahitajika walimu. Ubaya ni kwamba Wamarekani wameandika arudi, na sisi hatujaandika popote apokelewe vipi. Nimemwona kijana aliyetoka kufundisha chuo kikuu chenye jina akitembeza bahasha za maombi kwenye shule binafsi za mitaani, foleni moja na waliohitimu juzi.

Njia ya pili ni ya wale waliobaki. Mtu alikwenda kusoma, akamaliza uzamivu, akaajiriwa kufundisha lugha kwa mkataba wa mwaka mmoja au mitatu. Ajira yake imening'inia kwenye idadi ya wanafunzi. Darasa la mwaka wa kwanza likijaa, yuko salama. La mwaka wa tatu likibaki na watu watatu, mkuu wa idara anaanza kumwita ofisini kwa chai. Fedha zenyewe zina historia ya kuchekesha. Warusi waliporusha satelaiti yao mwaka 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu, na mwaka 1958 wakatunga sheria ya kugharimia, pamoja na mengine, ufundishaji wa lugha za dunia ambazo hawakuwa wakizijua. Kiswahili kikanufaika. Miaka mingi mwalimu kutoka Tanga au Lamu amekuwa akila, kwa namna fulani, mkate wa hofu hiyo. Sasa hofu imehamia kwingine. Septemba 2025 Rais Trump alisaini amri ya kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya H-1B, ambayo vyuo vimekuwa vikiitumia kuajiri wahadhiri kutoka nje. Kampuni ya kompyuta inaweza kupiga hesabu ikalipa. Idara ya lugha za Kiafrika yenye walimu wanne haina hata pa kuanzia.

Kwa hiyo ukimkuta mwalimu huyu ana wasiwasi, usidhani ni baridi tu.

Maisha yenyewe yanakwenda hivi. Katika miji ya Wisconsin, mwalimu akimaliza kipindi saa kumi jioni, Morogoro ni saa sita au saa saba usiku, kutegemea majira. Nafasi ya kuongea na nyumbani ni alfajiri kabla ya kazi, chai mkononi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maziwa. Kundi la ukoo limejaa ujumbe wa usiku kucha: picha za maua na dua za asubuhi, mwanafamilia anauza shamba la miti, mtoto wa binamu anaoa na kamati inakumbusha wenye ahadi. Yeye ameahidi mchango wa kadi ya watu wawili katika harusi ambayo hatahudhuria hata mmoja.

Halafu kuna misiba. Mwalimu mmoja ninayemfahamu vizuri aliamka saa moja asubuhi siku ya Novemba akakuta ujumbe wa sauti wa kaka yake: mama mdogo amefariki alfajiri, tunazika leo baada ya Alasiri. Saa moja ya kule ndiyo saa kumi ya huku. Alipopiga kwa video, jeneza lilikuwa limeshatoka nyumbani na simu ilikuwa mkononi mwa mpwa wake anayekimbia nyuma ya watu. Aliona migongo, kanzu, vumbi. Mama mdogo huyo ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Siku hiyo hiyo alikuwa na kipindi cha mwaka wa kwanza, na mada iliyokuwa kwenye ratiba ni majina ya jamaa: mjomba, shangazi, baba mkubwa, mama mdogo. Alifundisha. Aliniambia kilichomsumbua zaidi ni fomu ya chuo ya ruhusa ya msiba, ambayo ilikuwa na orodha ya ndugu wanaokubalika na humo hapakuwa na mahali pa kumweka huyo mama. Kwa fomu ile, alikuwa amefiwa na shangazi wa mbali.

Mambo kama hayo hayasimuliki kwenye kundi la ukoo. Kule wanajua yuko Marekani, ana gari.

Na watoto? Hapa ndipo walimu wa Kiswahili wanapochekana wenyewe kwa wenyewe, kicheko cha uchungu. Mchana kutwa mtu anawafundisha watoto wa watu kusema "nimekula" na "nilikula", jioni anarudi nyumbani akiuliza kwa Kiswahili na kujibiwa Kiingereza. Siku ya kumpigia bibi, mtoto anasukumwa mbele ya kioo. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, hujambo, baba hajambo, unasoma? Kimya. Mtoto anamtazama baba. Bibi anasema basi, mpe baba yako simu. Nimewasikia watu wakiwalaumu wazazi hawa kwamba wameona aibu na lugha yao. Mzazi mwenye kazi mbili, asiye na jirani, shangazi wala msichana wa kazi anayeongea Kiswahili, anapambana na mtaa mzima, shule nzima na televisheni. Lugha ya mtoto hulelewa na umati. Yeye umati aliuacha huku.

Uhusiano na nyumbani ukilegea, kazi nayo inachakaa, na hili halisemwi vya kutosha. Mwalimu aliyeondoka mwaka 2005 na kurudi mara mbili kwa misiba amebaki na Tanzania ya mwaka 2005. Kwenye mazungumzo anayowapa wanafunzi wake, msafiri anapanga foleni posta kutuma barua, na kufika Dodoma kutoka Dar ni shughuli ya kutwa nzima ya basi. Nchi imeshahama. Watu wanatumiana fedha kwa simu, wanabishana kuhusu tozo na bando, wanapanda mwendokasi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inawafikisha Dodoma kwa saa chache. Mwanafunzi anayejifunza kwa mwalimu huyo anatua Julius Nyerere akiwa na Kiswahili safi cha nchi ambayo haipo. Kwa hiyo tiketi ya mwalimu kwenda nyumbani kila baada ya mwaka au miwili ni kifaa cha kazi kama vitabu, na chuo chenye akili kingeigharimia hivyo.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa kuwa ndipo serikali zetu huamka. Kenya mwaka 2024 ilipokea kutoka kwa watu wake walio nje zaidi ya dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Ni fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai. Kwa hiyo ukisikia waziri anazungumzia diaspora, subiri kidogo, neno litakalofuata ni uwekezaji. Nao wanaotuma wanakatwa njiani. Kutuma fedha kuja Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko kutuma sehemu nyingine yoyote ya dunia, na tangu Januari 2026 Marekani imeongeza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma kwa kulipa taslimu. Anayetumia akaunti ya benki amesalimika. Mwalimu ana akaunti, kwa hiyo hilo halimuumizi sana. Linamuumiza yule anayebeba maboksi na kulipwa mkononi.

Kinachomuumiza mwalimu ni kitu kingine, nacho sijasikia waziri hata mmoja akikitaja jukwaani: pensheni. Tufanye hesabu. Mwalimu wa serikali Tanzania amefundisha sekondari miaka 10, akichangia kwenye mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF. Akaenda Marekani, akafundisha miaka 5, akarudi kwa hiari yake akiwa na miaka 50 na kitu, umri ambao hakuna anayemgombania. Ili alipwe pensheni ya kila mwezi hapa anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Anayo 120. Kule, mafao ya uzeeni kwa kawaida yanataka kama miaka 10 ya kazi iliyokatwa michango. Anayo 5, na kama aliingia kwa J-1, miaka ya mwanzo huenda haikukatwa kabisa. Nchi mbili zinaweza kukubaliana kuunganisha vipindi vya michango, na Marekani ina makubaliano hayo na nchi kadhaa za Ulaya na Asia. Haina hata moja na nchi ya Afrika. Mtu huyu amesimama mbele ya ubao miaka 15, na akizeeka hatapata pensheni ya mwezi huku wala kule.

Mwenye busara atafanya nini? Hatarudi mwaka wa tano. Atasubiri wa kumi. Na akifika wa kumi, watoto wako sekondari, nyumba ina mkopo, na jambo la kurudi limeshageuka hadithi ya kupigia stori kwenye sherehe za Watanzania. Sisi huku tunasema kapotea. Amepiga hesabu tu.

Mwaka wa kumi ndio pia unaoleta swali la uraia. Kenya ilimaliza mjadala huo kwenye Katiba ya mwaka 2010: Mkenya anayechukua uraia mwingine anabaki Mkenya, na kuanzia uchaguzi wa mwaka 2013 baadhi ya walio nje wamekuwa wakipiga kura. Tanzania inashikilia Sheria ya Uraia ya mwaka 1995. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, wa kwetu umeondoka, na pamoja nao haki ya kumiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kuwapa wenye asili ya Tanzania hadhi maalumu, yaani nafuu ya kuingia na kuishi nchini na ya kumiliki ardhi. Ni hatua, na walioipigania miaka yote wanastahili pongezi. Ila sikiliza lugha iliyotumika kuitetea: viwanja, nyumba, mitaji. Alikuwa akikaribishwa mtu mwenye pesa. Kwamba kati ya watu hao wapo wenye elimu ya kufundisha, hilo lilipita kwa mbali.

Oman wanatupa mfano wa upande wa pili. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu. Akawaita wenye asili ya huko waliotawanyika, na kati ya waliokwenda walikuwamo wengi waliozaliwa na kusomeshwa Zanzibar, wakaingia maofisini na madarasani. Kiswahili chao bado kinasikika Muscat. Wengi wao waliondoka Unguja kwa machungu ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na siijadili hapa siasa yake. Ninachosema ni kwamba nchi iliyohitaji walimu ilitengeneza karatasi kwanza, na watu wakaja.

Nisiwatetee walimu wetu kupita kiasi. Wapo wanaorudi likizo kututazama kama maonyesho, wanaolalamikia joto walilozaliwa nalo, wanaomsahihisha mwalimu mwenzao wa kijijini mbele ya wanafunzi wake. Na wapo wanaojenga nyumba ya ghorofa mahali ambapo shule waliyosoma haina choo, na wasilione hilo. Lakini hata hao wanarudi, na mtu anayerudi unaweza kumtumia.

Vyuo vya Marekani hufunga katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Agosti, na wengi wa walimu wa lugha hawalipwi miezi hiyo. Shule zetu za sekondari hufunguliwa tena Julai. Kuna wiki sita hapo ambazo mwalimu mwenye uzamivu wa isimu, anayejua kufundisha bila fimbo na kwa vifaa vya kisasa, yuko kwao, amekaa barazani akinywa madafu. Angeweza kushika darasa, au kukaa na walimu wa wilaya nzima wakatengeneza masomo pamoja, naye akaondoka na Kiswahili cha mwaka huu badala ya kile cha mwaka 2005. Gharama ya serikali ni barua ya mwaliko. Kikwazo ni kwamba aliyechukua uraia wa nje ni mgeni kisheria, na mgeni hafundishi bila kibali cha kazi, ambacho ada na mizunguko yake vimepangwa kwa ajili ya mtaalamu wa kampuni anayekuja kwa miaka miwili.

Nilimweleza wazo hili yule rafiki yangu aliyezikiwa mama mdogo kwa video. Nilitegemea aanze na habari za kibali au posho. Aliuliza kama angepewa kidato cha pili au cha tatu, maana vitabu vya kubeba ni tofauti.